Kivumishi kinaposimama bila nomino: shajara ya mradi wa kuweka lebo

Toleo 0.1: mizizi ya kuanzia

Mradi unatengeneza orodha ya vivumishi vya Kiswahili vinavyokaa mahali pa nomino, kila kimoja na lebo inayoeleza kimefikaje hapo. Orodha ni ya wachapaji wa kamusi na ya wanaounda programu za kuchanganua maneno. Lugha nyingine zimeingizwa kwa sababu baadhi yake huandika waziwazi tofauti ambayo maandishi yetu hayaionyeshi.

Mizizi ni 24. Vipimo: -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -nene, -embamba. Umri: -pya, -zee, -changa, -kuukuu. Thamani: -zuri, -baya, -ema, -ovu. Rangi: -eupe, -eusi, -ekundu. Hali na tabia: -gonjwa, -zima, -vivu, -jinga, -geni, -kali, -gumu. Makundi manne ya mwanzo yanafuata hoja ya mwanaisimu R. M. W. Dixon kwamba lugha yenye vivumishi vichache kwa kawaida huwa navyo katika vipimo, umri, thamani na rangi. Mfano wake unaojulikana sana ni Kiigbo, chenye vivumishi 8 tu katika jozi nne: kubwa na dogo, pya na -a zamani, eupe na eusi, zuri na baya. Kundi la tano tumeliongeza wenyewe, maana ndiko zinakotoka nomino nyingi za watu: mgonjwa, mgeni, mjinga.

Jedwali lina safu 6: umbo, mzizi, kiambishi, ngeli, lebo, sentensi. Kila mzizi umetengewa sentensi 10, yaani mistari 240. Neno bila sentensi yake haliingii. Umbo la peke yake haliwezi kuthibitisha chochote, kama matoleo yanayofuata yatakavyoonyesha.

Toleo 0.2: lebo tatu, si moja

Rasimu ya kwanza ilikuwa na lebo moja, "kivumishi kilichogeuka nomino". Haikufaa. Tazama sentensi tatu:

Vikombe viko viwili, nipe kikubwa.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Mgeni wetu amefika.

Katika ya kwanza nomino ipo, imetajwa hatua mbili nyuma, na "kikubwa" bado ni kivumishi cha kikombe. Katika ya pili hakuna kitu kilichotajwa; ki- inasimamia kitu chochote chenye sifa hiyo. Katika ya tatu neno limeshakuwa jina kamili, lina kidahizo chake (mahali pake pa kuelezwa) kwenye kamusi, na msikilizaji hatafuti "mtu" aliyeachwa.

Kwa hiyo lebo ni UDO (udondoshaji: nomino inarejeshwa kutoka maneno yaliyotangulia), JUM (jumla: kiambishi pekee kinaonyesha aina ya kitu) na NOM (nomino kamili).

Tofauti ya UDO na nyingine mbili Kijerumani kinaiandika kwa herufi kubwa. Nomino zote za Kijerumani huanza kwa herufi kubwa, na kivumishi kilichogeuka nomino huanza vivyo hivyo: "der Kranke", mgonjwa. Lakini kivumishi kinachorejelea nomino iliyotajwa jirani hubaki na herufi ndogo: "Die roten Äpfel sind süß, die grünen sauer", matofaa mekundu ni matamu, ya kijani ni makali. Hapo "grünen" ni ndogo. Ukikuta "die Grünen" kwa herufi kubwa, ni chama cha siasa kilichoundwa mwaka 1980. Matamshi ni yaleyale. Mwandishi wa Kijerumani analazimika kuamua kila anapoandika. Sisi tunaamua kwa lebo.

Hata "der Kranke" hajaiacha njia ya kivumishi: kwa kibainishi kisicho dhahiri, "ein", anakuwa "ein Kranker", mwisho ukibadilika kama wa kivumishi. Linganisha na "der Junge", mvulana, kutoka "jung", -changa. Huyu husemwa "ein Junge", si "ein Junger". Amehamia kabisa kwenye nomino. Lakini mtoto wa mnyama, "das Junge", bado husemwa "ein Junges". Mzizi mmoja, maneno mawili, moja limehama na lingine limebaki mlangoni. Mfano huu umetusaidia kukubali kwamba lebo huwekwa kwa neno na sentensi yake, kamwe si kwa mzizi mzima.

Toleo 0.3: majaribio ya kupata NOM

Majaribio yalikuwa manne. Mawili yamebaki.

Lililoondolewa kwanza ni kimilikishi. Tulidhani neno likikubali "wangu, changu, langu" ni nomino. Si kweli: "Kikubwa changu, kidogo chako" inasemwa vizuri mbele ya vikombe viwili, na bado ni udondoshaji. La pili lililoondolewa ni kuwepo kwenye kamusi, kwa sababu jaribio linalotegemea kamusi haliwezi kuisahihisha kamusi.

Yaliyobaki:

Kuvumisha upya. Neno lipewe kivumishi kingine bila muktadha wowote. "Mgeni mpya", "mgonjwa mnene", "mzee mfupi" zinasimama. "Mfupi mnene" haisimami mpaka msikilizaji ajue mnaongea kuhusu nani.

Kinzano. Mtaje mtu au kitu kwa neno hilo, kisha kanusha sifa ya mzizi wake. Kama hakuna mgongano, maana imehama na lebo ni NOM. "Mkubwa wangu kazini ni mdogo kwangu kwa miaka 10" haina mgongano. "Mdogo wangu ananizidi kimo na umri wa sura" haina mgongano, maana mdogo hapo ni ndugu aliyezaliwa nyuma. "Mzee wangu bado kijana" inakubalika kwa anayemtaja baba yake. Lakini "yule mnene ni mwembamba" inavunjika palepale.

Jaribio la kinzano ndilo lenye nguvu kuliko yote, ila linakamata tu maneno ambayo maana yake imesogea. "Mgonjwa" hashindi kirahisi hapa, kwa hiyo kushinda jaribio moja kati ya mawili kunatosha.

Toleo 0.4: mgongano wa wa- na u-

Hili limechukua kazi nyingi kuliko toleo lingine lolote, na linastahili.

Mizizi 5 kati ya 24 huanza kwa e: -embamba, -ema, -eupe, -eusi, -ekundu. Kiambishi wa- cha watu kikikutana na e hutoa we-. Kiambishi u- cha nomino dhahania kikikutana na e hutoa we- vilevile. Matokeo yake "wema" ni watu wema na pia ni ile sifa, "weusi" ni watu na ni rangi, "wekundu" kadhalika. Mzizi -ovu umenusurika kwa sababu viambishi havikuungana nao: waovu ni watu, uovu ni tabia.

Kanuni ya kwanza tuliyoipa programu ilikuwa: tazama neno linalofuata. Ilianguka, na chanzo chake ni hiki. Karibu kila kipatanishi kinachoanza kwa irabu kinagongana kwa namna ileile:

kihusishi -a: wekundu wa macho, Wekundu wa Msimbazi
kimilikishi: wema wake kwa sifa, wema wake kwa watu
-ote: wema wote kwa zote mbili
-enye: wenye kwa zote mbili
amba-: ambao kwa zote mbili

Mashabiki wa Simba wanapojiita Wekundu wa Msimbazi hakuna anayedhani ni rangi ya mtaa, lakini programu haina namna ya kujua kwa "wa" peke yake.

Vinavyotenganisha ni vipatanishi vinavyobaki na umbo lake kamili. Kiambishi cha kitenzi: wema umemponza, wema wamemponza. Kiwakilishi cha mtendwa: aliuona, aliwaona. Kionyeshi: huu, hawa. Kivumishi cha mzizi unaoanza kwa konsonanti: wema mkubwa, wema wakubwa. Kanuni mpya inatafuta kimojawapo cha hivi vinne ndani ya sentensi nzima, ikianza na kitenzi. "Wema hauozi" inatatuliwa hapo hapo na hau-.

Isipopatikana hata kimoja, mstari unapewa alama ya kuulizia na kusomwa na mtu. "Tenda wema nenda zako" ni wa aina hiyo: hakuna upatanisho wowote, na kinachotuongoza ni kitenzi "tenda", ambacho hakichukui watu kuwa mtendwa.

Kihispania kimelipanga jambo hili vizuri kwa vibainishi: "el bueno" ni mwema, "los buenos" ni wema kwa maana ya watu, "lo bueno" ni lile lililo jema, "la bondad" ni wema kwa maana ya sifa. Kibainishi "lo" hakina wingi, na kazi yake ni hiyo ya kufanya kivumishi kitaje jambo lisilo na jinsia. Kwetu kazi ya "lo bueno" inafanywa na jema, mema au zuri, kwa ngeli ya LI-YA inayolificha "jambo": hakuna jipya, amesahau mema yote, yamempata makubwa. Anayetafsiri "the good" kutoka Kiingereza, kwa hiyo, ana njia tatu mbele yake: watu wema, mema, au wema-sifa. Kiingereza kinaziweka zote kwenye umbo moja, na huko "the poor" ni watu wengi siku zote. Huwezi kusema "a poor". Sisi tunasema "maskini mmoja" bila shida.

Toleo 0.5: mbivu

Mizizi imeongezeka kuwa 26 kwa ajili ya methali moja: "Mvumilivu hula mbivu". Zimeingia -bivu na -bichi.

Mbivu nini? Kiambishi kinatoa ushahidi. Kama nomino iliyofichwa ingekuwa tunda, tungepata "bivu", na matunda yangetoa "mabivu". Umbo "mbivu" linakubali ndizi, na embe kwa wale wasemao "embe mbivu". Nomino imeondoka, ngeli yake imebaki. Kutoka hapo msemo umesonga mbele zaidi: "tutajua mbivu na mbichi" hauhusu tunda lolote tena. Methali imepewa JUM. Msemo umepewa NOM, na jozi nzima imeingizwa kama kidahizo kimoja, maana ukitenganisha "mbivu" na "mbichi" maana ya "ukweli utajulikana" inapotea.

Onyo kwa wanaoandika kanuni: mizizi inayoanza kwa b, pamoja na -pya, hutoa umbo moja kwa ngeli nyingi. M + baya na n + baya zote ni mbaya, kwa hiyo "mbaya" ni mtu mbaya, mti mbaya, habari mbaya na wimbo mbaya. "Mbaya wangu" kwa maana ya adui ni NOM, ila ngeli yake isitabiriwe kutokana na umbo.

Kirusi kina mabaki ya namna hii kwa wingi. Chumba cha kulia chakula huitwa "stolovaya", kivumishi chenye maana ya "-a mezani" kikiwa katika jinsia ya kike, kwa sababu neno lililodondoka ni "komnata", chumba, nalo ni la kike. Aiskrimu ni "morozhenoye", "-liogandishwa", jinsia isiyo ya kike wala ya kiume. Maneno haya yote bado hunyambuka kama vivumishi.

Kwenye lugha zilizotoka Kilatini mabaki yamefifia hadi hayatambuliki. Ini kwa Kifaransa ni "foie", kwa Kihispania "hígado", kwa Kiitaliano "fegato". Yote yametoka "ficatum", yaani "-liotiwa tini": ini la mnyama aliyenoneshwa kwa tini. Neno lenyewe la ini, "iecur", limetoweka na kivumishi kimerithi mahali pake. Nguruwe mwitu kwa Kifaransa ni "sanglier", kutoka "singularis", -a peke yake. Mzungumzaji wa leo hasikii kivumishi chochote humo.

Toleo 0.5.1

Marekebisho madogo: "Habari za asubuhi?" "Njema." Hii ni UDO, ingawa nomino imetajwa na mtu mwingine. Programu sasa inasoma kauli ya msemaji aliyetangulia pia.

Toleo 0.6: vivumishi visivyopokea kiambishi

Tumeongeza maneno 12 ya mkopo: safi, hodari, maskini, tajiri, fukara, muhimu, maarufu, mashuhuri, mahiri, sahihi, rahisi, dhaifu. Matano kati yake huanza kwa silabi inayofanana na kiambishi chetu: maskini, muhimu, maarufu, mashuhuri, mahiri. Programu ilikata ma- ya "maarufu" na kutafuta mzizi "-arufu", ikaiita wingi. Dawa ni utaratibu: orodha ya maneno yasiyokatwa isomwe kwanza, kisha ndipo silabi ya mwanzo ipimwe. Ukigeuza utaratibu huo hata kanuni sahihi zitatoa takataka.

Ma- ya wingi inapoingia kweli, ni dalili nzuri ya NOM. "Watu tajiri" ni kivumishi. "Matajiri" ni nomino. U- nayo hufanya kazi kwa yote 12, pamoja na yenye ma- au mu- bandia: umaskini, umuhimu, umaarufu, umahiri.

Kiarabu, chanzo cha mengi ya haya, hakina mpaka mkali tuliozoea. Wanasarufi wake huweka nomino na kivumishi pamoja chini ya "ism". "Faqīr" ni maskini wa mali, awe mtu au sifa, na wingi wake ni "fuqarāʾ". Tumechukua vyote viwili: fakiri kutoka umoja, fukara kutoka wingi. Kisha tukamwongezea fukara ma- yetu, mafukara, wingi juu ya wingi. "Sahihi" imekwenda mbali zaidi: ukiambiwa "weka sahihi", ni alama ya mkono wako, si usahihi.

Jina la lugha yetu linaingia hapa. "Sawāḥil" ni pwani kwa wingi, na "sawāḥilī" ni kivumishi cha Kiarabu, -a pwani. Viambishi vyetu vikakigawa: Mswahili, Kiswahili, Uswahili.

Kwa Kituruki mpaka ni mwembamba pia: "hasta" ni mgonjwa na -gonjwa, "hastalar" ni wagonjwa, "genç" ni -changa na "gençler" ni vijana. Kwa Kikechua, lugha ya Amerika Kusini, "hatun", -kubwa, hupokea -ta ya mtendwa moja kwa moja, "hatunta", yule au kile kikubwa. Kwa lugha hizi swali la UDO au NOM bado lina maana, lakini umbo halitoi msaada wowote.

Toleo 0.6.1: vielezi vinavyojipenyeza

"Vizuri", "vibaya", "vyema", "kidogo" na "upya" zimekuwa zikipewa JUM kimakosa. "Amefanya vizuri" ni kielezi. "Kidogo nilichonacho" ni JUM, "kikombe kidogo" ni kivumishi, "subiri kidogo" ni kielezi. Kipimo kinachofanya kazi: je, kuna kitu kinachopatana na neno hilo? Kwenye "nilichonacho" -cho- inapatana na ki-. Kwenye "subiri kidogo" hakuna. Bila upatanisho, lebo ya nomino isitolewe.

Toleo 0.7: nomino za u-

Hizi ni NOM bila ubishi, ila haziko sawa. Uzuri hauna wingi. Ugonjwa una magonjwa. Ugeni ni hali ya kuwa mgeni na pia ni kundi la wageni: "leo tuna ugeni". Na katika vipimo, ncha moja tu ndiyo inayotaja kipimo chenyewe: "urefu wa mita 5", "ukubwa wa shamba", lakini "ufupi wa mita 5" hausemwi ila kwa kulalamika. Kamusi inayoeleza urefu kuwa "hali ya kuwa refu" inakosa nusu ya maana. Kamba fupi nayo ina urefu.

Toleo 0.8: watu na sifa moja

Nomino inabana kuliko kivumishi. "Ana uvivu leo" ni hali ya leo. "Ni mvivu" ni tabia. "Wavivu" ni kundi la watu lenye mpaka. Ndiyo maana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inatumia "watu wenye", na "mtu mwenye ualbino" inachukua nafasi ya "zeruzeru". Sifa ikirudishwa nyuma ya nomino, mtu hutajwa kwanza. Vidahizo kama kipofu na kiziwi vinabaki, vikiwa na alama ya matumizi na namna inayopendekezwa pembeni. Upatanisho wao ni wa A-WA japo kiambishi ni ki-: kipofu ameketi, si "kimeketi". Hali ni hiyohiyo kwa "dogo" ya mitaani: umbo la LI-YA, wingi "madogo", lakini dogo amefika na madogo wamefika.

Toleo 0.8.1: baada ya "ni"

"Yeye ni mgonjwa." Nomino au kivumishi? Umbo halisemi, wingi hausemi. Kinachosaidia ni kirefusho, yaani neno linaloongezwa nyuma yake. Ukiongeza "sana", ni sifa: ni mgonjwa sana. Ukiongeza -a ya uhusiano, ni nomino: ni mgonjwa wa daktari yule. Sentensi isiyo na kirefusho chochote inabaki na alama ya kuulizia pamoja na usomaji wote wawili kwenye safu ya lebo, kwa kuwa msemaji mwenyewe hajachagua, na kuchagua kwa niaba yake kungeingiza kwenye jedwali kitu ambacho hakikusemwa.